ALIYEPOTEA NJIA ANA KOSA GANI?

Tangu kale watu wamezoea kuipima akili ya mwenzao kwa njia zake. Mtoto akitumwa dukani, akaenda na kurudi peke yake bila kupotea, wazazi hufurahi na kusema, "Sasa amepata akili." Mvuvi akiingia ziwani usiku wa giza, kisha akaurudisha mtumbwi wake pale pale alipoutoa, wenzake humheshimu. Lakini mzee aliyekula chumvi miaka themanini akikutwa alfajiri amesimama njiani, hajui atokako wala aendako, hapo heshima hugeuka kuwa mnong'ono. Wapo wasemao ni uzee tu. Wapo wasemao ni laana. Na wapo, tena si wachache, wanaolitamka neno ambalo katika sehemu zetu limekwisha kumwaga damu nyingi: wasema ni uchawi.

Wiki hii twataka kuliuliza swali hili waziwazi mbele ya jamaa zote zisomazo gazeti hili: mtu aliyepotea njia katika uzee wake ana kosa gani? Na kama hana kosa, sisi tulio karibu naye twadaiwa nini? Hatutajibu kwa huruma peke yake, maana huruma isiyo na maarifa huchoka upesi. Kwanza tutakwenda kujifunza kwa mwalimu ambaye wengi hawamtazamii, naye ni panya.

PANYA WA MOROGORO

Msomaji asicheke. Nchi yetu wenyewe ina panya waliojulikana ulimwenguni kote. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kazi za kuwasaidia wanadamu tangu mwaka 2000. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa huko, akapelekwa Kambodia, nchi iliyojaa mabomu yaliyofukiwa wakati wa vita. Kwa pua yake aligundua mabomu ya ardhini 71 na vitu vingine 38 vyenye kulipuka, na mwaka 2020 alipewa na shirika la Uingereza nishani ya dhahabu ambayo kabla yake haijapewa panya yeyote. Alikufa Januari 2022. Wenzake hunusa makohozi ya wagonjwa na kuonyesha penye vijidudu vya kifua kikuu.

Wengine tena hufundishwa kuwatafuta watu waliofukiwa na kifusi nyumba inapoanguka. Panya huvishwa kizibao kidogo, akaingia katika nyufa ambazo mtu hawezi kupenya. Akimpata mtu hubonyeza kitufe kilicho kwenye kizibao. Kisha asikiapo mlio wa kuitwa, hugeuka na kurudi mahali alipoanzia, apate chakula chake.

Basi hapo pana jambo la kustaajabia. Kunusa si ajabu sana, maana twajua pua ya mnyama ni kali kuliko yetu. Lakini kurudi? Gizani, kati ya mawe na mbao zilizovunjika, baada ya kupinda huku na huku, mnyama mdogo namna ile ajuaje alipo, na ajuaje mlango ulipo? Swali hilo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, nao wamelichunguza hasa kwa panya wa maabara, jamaa wa mbali wa panya buku wetu. Na majibu waliyoyapata yanatuhusu sisi zaidi kuliko tunavyodhani.

RAMANI ILIYOMO KICHWANI

Zamani wataalamu wengi walifikiri kwamba panya ni kama saa: umemzoeza kupinda kulia, naye hupinda kulia, basi. Profesa mmoja wa Marekani, Edward Tolman, hakuridhika. Katika mwaka 1946 yeye na wenzake waliwafundisha panya kuendea chakula kwa njia ya kuzunguka, kisha wakaiziba njia ile na kuwawekea njia nyingine nyingi zilizotawanyika kama miale ya jua. Kama panya angekuwa saa, angetafuta njia iliyo jirani kabisa na ile ya zamani. Sivyo ilivyokuwa. Njia iliyochaguliwa na wengi kuliko nyingine yoyote ni ile iliyoelekea moja kwa moja upande wa chakula, ingawa hawakupata kuikanyaga kamwe. Mwaka 1948 Tolman akaandika kwamba panya hubeba kichwani mwake kitu mfano wa ramani.

Lakini ramani hiyo i wapi? Mwaka 1971, huko London, John O'Keefe na mwenzake walikuwa wakisikiliza kwa waya mwembamba seli za sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Wakaona seli moja inatoa ishara pale tu panya anapofika mahali fulani, na kunyamaza akiondoka hapo. Seli nyingine ilikuwa na mahali pake pengine. Ni kama kila mtaa ungekuwa na balozi wake anayesema, "Sasa upo kwangu." Mwaka 1984 James Ranck, huko Marekani, alieleza habari za seli nyingine, katika sehemu ya jirani, zinazotoa ishara kwa kufuata upande ambao kichwa kimeelekea, mfano wa dira ya nahodha. Na mwaka 2005, mjini Trondheim nchini Norwe, May-Britt na Edvard Moser pamoja na wanafunzi wao walivumbua seli za namna ya tatu katika sehemu iitwayo entorinali, iliyo mlangoni pa hipokampasi. Hizo huigawanya sakafu yote katika vituo vilivyopangwa sawasawa, mfano wa sega la nyuki, na kwa hizo mnyama hupima ni umbali gani amekwenda. Mwaka 2014 O'Keefe na hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Je, sehemu ikiharibika? Hilo nalo lilipimwa. Richard Morris, huko Scotland, alitengeneza birika kubwa la duara, akalijaza maji yaliyotiwa maziwa yasipenye macho, na chini kidogo ya uso wa maji akaficha kipande cha kusimamia. Wavuvi wa pwani ya Butimba hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ziwa letu limejaa mawe yaliyozama, na mvuvi mzoefu hulijua jiwe asiloliona kwa kupatanisha kilima cha upande huu na mti wa upande ule. Panya mzima naye hufanya vivyo hivyo: kwa kutazama alama zilizo nje ya birika, baada ya siku chache huogelea moja kwa moja mpaka pale palipofichwa. Lakini mwaka 1982 Morris na wenzake walionyesha kwamba panya aliyeharibiwa hipokampasi huzungukazunguka majini bila kupajua. Hata hivyo, kile kipande kikiinuliwa kikaonekana kwa macho, alikifikia bila shida. Macho yake yalikuwa mazima, miguu yake mizima, hamu yake ya kutoka majini nzima. Kilichopotea ni ramani.

Twaomba msomaji alishike neno hilo, maana tutalirudia.

NJIA MBILI ZA KUFIKA MAHALI PAMOJA

Kuna jaribio jingine la mwaka 1996, la Mark Packard na James McGaugh wa Marekani, ambalo kwetu lina mafundisho makubwa kuliko yote. Wataalamu hao walitengeneza njia panda yenye mfano wa msalaba. Kila siku panya alianzia upande mmoja, na chakula kilikuwa daima katika mkono uleule. Baada ya siku chache wakamgeuza, wakamwanzisha upande wa pili, ili waone atafanya nini. Akienda mahali pale pale penye chakula, basi anafuata ramani. Akipinda upande uleule aliozoea kupinda, hata kama unampeleka mbali na chakula, basi anafuata mazoea ya mwili.

Siku ya nane panya wengi walifuata ramani. Siku ya kumi na sita wengi walifuata mazoea. Sababu ni kwamba ubongo una fundi mwingine, katika sehemu ya ndani iitwayo striatamu, ambaye hujifunza polepole kwa kurudia: fika hapa, pinda kule, tembea hivi. Akisha kufuzu huichukua kazi, na mwendo huwa mwepesi, hauhitaji kufikiriwa. Sisi sote twamjua fundi huyu. Ndiye anayetuvusha kutoka kanisani mpaka nyumbani huku tukizungumza na jirani, tukashtukia tumekwisha kufika mlangoni.

Lakini sikilizeni lililofuata. Wataalamu wale walipoitia ganzi kwa muda ile sehemu ya mazoea, siku ileile ya kumi na sita, panya walirudi kuifuata ramani. Kumbe haikufutika. Ilikuwa imo kimya, imefunikwa na mazoea. Na siku ya nane, walipoitia ganzi hipokampasi, panya hawakuwa na njia yoyote ya kutegemea. Walikwenda huku na huku kwa kubahatisha, kwa sababu mazoea yalikuwa hayajaota mizizi.

Basi twaona kwamba kujua njia si jambo moja. Ni kazi ya mafundi kadhaa wanaosaidiana: mmoja ajua mahali, mmoja upande, mmoja umbali, mmoja mazoea. Na kila mmoja aweza kuumia peke yake.

MAMA ALIYELETWA MJINI

Sasa tutoke maabara turudi kwetu. Je, hayo ya panya yamo ndani ya wanadamu? Yamo. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichunguza madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kujifunza kwa moyo maelfu ya mitaa, wakaona sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Miaka iliyofuata zilionekana pia ndani ya wanadamu seli za mahali, na hata zile za mfano wa sega la nyuki.

Na lipo jambo la huzuni zaidi. Ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee, hasa ule unaoitwa kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeueleza mwaka 1906, hauanzi popote tu. Mwaka 1991 Heiko na Eva Braak, wa Ujerumani, walionyesha kwamba uharibifu wake katika ubongo huanza karibu na pale pale: katika entorinali, kisha hupita kwenda hipokampasi. Yaani ugonjwa huu huingia kwa mlango wa ramani. Ndiyo maana wagonjwa wengi huanza kupotea njia mapema, hata kabla ya kusahau majina ya watoto wao. Tena si ugonjwa wa Wazungu, kama wengine wasemavyo. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba katika kila wazee mia wenye miaka sabini na zaidi, kama sita wana ugonjwa wa namna hii.

Tuseme basi kuna mama mzee aliyeishi Sengerema maisha yake yote. Mumewe amefariki, na mwanawe mwenye kazi mjini amemleta akae naye Butimba; zamani wangevuka kwa kivuko cha Kigongo, na tangu mwaka 2025 wapita juu ya daraja. Kijijini mama huyu hakuonekana kuwa mgonjwa. Alikwenda shambani, alikwenda kisimani, alirudi. Mjini, wiki ya kwanza tu, akapotea kati ya nyumba na kanisa. Mkaza mwana ashangaa, majirani wasema, "Tangu alipoletwa huku, amebadilika. Bila shaka ametupiwa kitu." Au wasema neno baya zaidi: kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye kitu.

Lakini msomaji aliyefuatana nasi mpaka hapa aweza kulifumbua fumbo hilo bila mganga. Kijijini ramani ya mama ilikuwa imekwisha kuanza kuchanika zamani, lakini hakuna aliyejua, kwa kuwa mazoea ya miaka sitini yalimbeba. Miguu yake ilijua. Mjini mazoea yale hayana njia ya kukanyaga, maana kila pembe ni ngeni. Na ili ajifunze mapya yahitajika ile sehemu iliyougua. Watu wa Butimba humwelekeza mgeni kwa kumtajia Chuo cha Ualimu au gereza. Kwa mama huyu majina hayo hayashiki popote. Hakubadilishwa na mji. Mji ulifunua tu kilichokuwa kimefichwa.

Hali kadhalika, alalamikapo jioni, "Nipelekeni nyumbani," naye yumo nyumbani, hasemi uongo, wala hawatukani wanaomtunza. Atafuta mahali ambapo ramani yake ingali nzima, na mara nyingi ni mahali pa utoto wake.

HATIA NI NINI?

Waalimu wa maadili wanakubaliana tangu zamani kwamba hapana hatia pasipo ujuzi na hiari. Aliyevunja chungu kwa kusukumwa hakukosa; aliyekivunja kwa hasira amekosa. Sasa, kikongwe aliyekutwa alfajiri uani mwa watu, pengine bila nguo, hajui alifikaje, ujuzi wake u wapi na hiari yake i wapi? Aliamka usiku, akaona yumo mahali asipopajua, akatoka kutafuta kwake. Alichofanya ni kile ambacho kila mmoja wetu angefanya akiamka katika nyumba ngeni. Naye, badala ya kuulizwa, "Mama, umepotea?" huulizwa, "Ulikuja kumloga nani?"

Hatusemi hayo kwa kukuza mambo. Kwa hesabu za serikali, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa katika Tanzania Bara kwa sababu zilizohusiana na uchawi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mauaji ya vikongwe yaliendelea kusikika miaka mingi baadaye. Wengine walihukumiwa kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko walilowapikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Kosa lao lilikuwa nini? Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 yakataza hata kumsingizia mtu uchawi. Lakini sheria haikai kizingitini mwa kila nyumba. Kinachokaa kizingitini ni neno la kwanza litokalo kinywani mwa mwenye nyumba. Likiwa neno la ugonjwa, mzee atapelekwa hospitali. Likiwa lile jingine, hatujui litaishia wapi, hata kama aliyelisema alitania.

Atainuka mtu na kusema: "Mkituambia kwamba kujua njia ni kazi ya nyama iliyomo kichwani, na kwamba panya anayo kama sisi, je, hamumshushi mwanadamu? Je, mama yangu, ramani yake ikiisha, si ameisha?" Hilo ni swali la haki, wala tusilikimbie.

Twajibu hivi. Kufanana na panya kwa ubongo si aibu kuliko kufanana naye kwa moyo, mapafu na damu, mambo ambayo daktari ameyatumia siku zote kutuponya. Wala mwanadamu si dereva aliyeketi ndani ya gari la mwili, ambaye gari likiharibika hushuka akaenda zake. Mtu ni mmoja, mwili na roho. Kiungo kikiumia, ndiye yeye aumiaye. Lakini thamani yake haikuwekwa katika kiungo kimoja wala katika uwezo mmoja. Kipofu hakupungua utu kwa kuwa haoni. Kwa nini basi apungue yule ambaye macho yake ya ndani, yale yaonayo njia, yameingia giza?

Tena tukumbuke tulivyoanza. Mwaka 2010 makundi mawili ya wataalamu, moja la London na moja la Trondheim, yaliwachunguza vitoto vya panya vilivyokuwa vikitoka kiotani kwa mara ya kwanza. Waliona dira ya kichwani imekwisha kukomaa, seli za mahali zimeanza tu, na zile za mfano wa sega zachelewa zaidi. Ramani, basi, huja kidogo kidogo. Mtoto wa binadamu naye hazaliwi na ramani kamili. Je, tulimhukumu? La hasha! Tulimfunga mbeleko mgongoni tukaenda naye, na njia yetu ikawa njia yake. Hakuna aliyesema mtoto huyu si mtu kamili kwa kuwa hajui kwao. Kama mwanzo wa maisha twabebwa bila kuhesabiwa kosa, kwa nini mwisho wa maisha kubebwa kuwe fedheha?

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu, hakimtaji mzazi mwenye nguvu na busara tu. Chamtaja waziwazi baba ambaye akili zake zimepungua, na kumwagiza mwana amvumilie. Mwandishi yule hakujua lolote la hipokampasi. Alijua tu kwamba siku hiyo huja, na kwamba ndiyo siku ambayo heshima ya mtoto hupimwa.

TUWE ALAMA ZA NJIA YAKE

Hata hivyo hatutaki kuwatwika watu mzigo kwa maneno matamu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wenye kuubeba ndio wajuao uzito wake. Na katika nyumba nyingi hubebwa na mtu mmoja, mara nyingi mkaza mwana au binti aliyeachishwa kazi zake, naye hulala jicho moja wazi usiku kucha. Akichoka hufunga mlango kwa nje, na pengine humfunga mzee mwenyewe. Tusimrukie kumlaumu kabla hatujauliza ndugu wengine wako wapi. Lakini tuseme kweli: kumfunga mtu kamba si kumlinda. Ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake. Yatupasa kutafuta njia nyingine, na maarifa tuliyoyapata kwa panya yatuonyesha kadhaa.

Kwanza, mzee apelekwe kwa daktari mapema. Si kila kupotewa ni ugonjwa usioponyeka. Malaria, homa za maambukizi, upungufu wa damu, dawa zilizochanganywa vibaya, huweza kumvuruga mzee akili kwa muda, na yote hayo yana tiba. Shinikizo la damu nalo, lisipotunzwa, huweza kuleta kiharusi na kuuharibu ubongo zaidi. Ugonjwa wa Alzheimer wenyewe bado hauna dawa ya kuuponya. Lakini kuujua mapema kwazuia maneno ya uani.

Pili, tufikiri mara mbili kabla ya kumhamisha mzee. Mara nyingine hapana budi, hasa akiwa peke yake. Lakini kama yupo ndugu wa kukaa naye kijijini kwake, pengine fedha tunazotaka kumlishia mjini zingefanya kazi njema zaidi zikipelekwa huko, ambako miguu yake ingali inajua.

Tatu, akisha kuja, tusimbadilishie mambo ovyo. Kitanda kikae pale pale, kikombe pale pale, njia ya kanisani iwe ileile kila siku, na mtu atembee naye. Fundi wa mazoea mara nyingi hudumu kuliko fundi wa ramani. Mama asiyejua leo ni siku gani huweza kupepeta mchele bila kuangusha punje, na asiyekumbuka jina la mjukuu huweza kusali rozari bila kukosea. Apewe ungo, apewe rozari. Asiambiwe, "Kaa tu, wewe huwezi kitu." Katika mikono ile angalipo, kama ile ramani ya panya iliyokuwa imo ingawa haikuonekana.

Nne, jirani ajue. Aibu ya kuficha ugonjwa ndiyo inayompa mchongezi nafasi. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe, mwenye duka la pembeni aambiwe, watoto wachezao njiani waambiwe: "Bibi huyu ni wetu, ana ugonjwa wa kusahau, mkimwona mbali, mleteni." Namba ya simu ishonwe ndani ya pindo la nguo yake. Jumuiya ndogondogo, ambazo hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, zina nafasi njema ya kupeana zamu, ili anayemtunza mzee apate walau alasiri moja ya kupumzika.

Hayo yote, ukiyatazama, ni kitu kimoja. Yule panya wa birikani aliyeharibiwa ramani aliweza bado kufika, pale palipokuwa na kitu cha kuonekana kwa macho. Mzee naye, ramani ya ndani ikimtoka, aishi kwa alama za nje. Na alama hizo ni sisi. Uso uleule mlangoni, sauti ileile asubuhi, mkono uleule njiani. Wala hilo si jambo geni la kuwafanyia wagonjwa tu. Ni nani kati yetu aliyewahi kuijua njia peke yake? Kila mmoja alionyeshwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ndiye mzee yuleyule ambaye leo anauliza nyumbani ni wapi.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila jamaa ijiulize maswali mawili. Ni nani katika ukoo wetu ameanza kupotewa na njia? Na kesho, atokapo nje, ni nani atakayefuatana naye?